“Elimu bure, basi mzazi hadaiwi kitu”

Ndivyo wengi walivyoelewa Tanzania ilipofuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, Januari 2016. Kwa michango, kilichofutwa ni ulazima. Sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki kwa mzazi, na ruzuku ya shule haikupangwa kumlisha mwanafunzi huyo.

Chakula ndipo shule nyingi hukwama. Piga hesabu: gramu 150 za mahindi na 40 za maharage kwa mtoto, siku 190 za masomo kwa mwaka, ni kilo 28.5 na kilo 7.6. Debe moja na nusu hivi la mahindi! Mkulima anayelima mwenyewe hutoa hilo bila kelele akiombwa wakati wa mavuno. Ukimwomba fedha taslimu Januari, ghala likiwa tupu, mkutano utavunjika.

Kamati ya shule ipime mbele ya wazazi, iandike daftarini, ikatae mahindi yasiyokauka vizuri: yakivunda huota ukungu unaotoa sumukuvu, na wadudu humaliza yaliyobaki. Asiyechangia aitwe azungumze na kamati, tena mzazi, si mtoto. Kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa ajili ya mchango hakuruhusiwi.