Je, wajua kwa nini ndoo ya jirani hukunyima usingizi?

Mfugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora, akisikia kuna tajiri Dar es Salaam kanunua meli, analala vizuri tu. Akisikia jirani yake kajaza ndoo nne za asali, anakesha. Kwa nini?

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba kila mtu ana hamu ya kujua uwezo wake. Asipokuwa na kipimo cha wazi, hujipima kwa watu, tena wale wanaofanana naye. Mwenye meli yuko mbali mno. Jirani ndiye rula.

Rula yenyewe imepinda. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali iliyochujwa hufika kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji. Ndoo ya masega haifiki huko, na ukishaichuja inapungua zaidi. Jirani aliposema "ndoo nne" hakusema ni zipi, wala zimetoka mizinga mingapi. Huenda nyuki wake waliingia mwaka juzi. Nyuki wako walioingia juzijuzi kwenye mzinga mtupu lazima wajenge masega kwanza, na ili watoe nta ya kujengea wanakula asali. Mzinga unaouona umelala uko kazini. Ukiufungua kila wiki kuona kama umeufikia wa jirani, unawasumbua nyuki, na nyuki wetu wakichoka kusumbuliwa huhama.

Basi jitafutie kipimo chako. Daftari la shule linatosha, safu nne: namba ya mzinga, tarehe nyuki walipoingia, kilo za asali iliyochujwa (kwa mizani, ndoo weka kando), na ulichobadilisha msimu huo, mfano kupaka nta ndani ya mzinga au grisi kwenye waya wa kuuning'iniza ili kuzuia siafu. Safu hii ya nne ndiyo watu huiruka, halafu kilo zikipanda hawajui zimepandishwa na nini. Anayebadilisha mambo matatu kwa mpigo naye hatajua. Hata asiyefuga nyuki linamfaa: fundi cherehani wa Tabora mjini anaweza kufuta kilo akaandika nguo zilizorudishwa kurekebishwa. Daftari ni lilelile.

Linganisha misimu inayofanana. Mvua za Tabora huja kwa mkupuo mmoja, Novemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo mavuno ya baada ya mvua usiyapime na ya kiangazi kikali. Wala mwaka mmoja usikutishe, mvua ikiharibika maua nayo yanaharibika. Ngoja misimu mitatu ndipo useme unapanda au unashuka.

Na jirani usimkwepe. Habari za ndoo ziache, muulize siafu aliwazuiaje. Jibu lake liende safu ya nne.