Je, wajua kwa nini mjusi kafiri hula gamba lake mwenyewe?

Mara ya kwanza kumwona mjusi wangu akijitafuna, nilidhani njaa imemzidi. Ni wa aina yenye madoadoa kama ya chui, ambao asili yao ni maeneo makavu ya Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa India. Tangu jana yake alikuwa amefifia, madoa yamefunikwa na weupe kama vumbi la chaki, na panzi niliyemwekea hakumgusa. Kisha akaanza kusugua pua kwenye jiwe. Ngozi ikapasuka mdomoni, akaing'ata na kuivuta, ikapita kichwani kama fulana inavyovuliwa. Miguu akaichomoa mmoja mmoja, kidole baada ya kidole, na kila kipande kilichotoka alikimeza.

Kumbe ni kawaida kabisa. Weupe ule huonekana pale ngozi mpya inapokuwa imekomaa chini na ya zamani imeanza kuachana nayo. Siku hizo wengi hususia chakula, na mwenye afya haumii kwa hilo, maana mkia wake mnene ni ghala la mafuta. Mjusi mdogo hujivua mara nyingi kuliko mkubwa kwa kuwa bado anakua.

Basi kwa nini alimeze? Wataalamu hutaja sababu mbili. Gamba ni protini, na kulitengeneza kumemgharimu mwili. Akilila, huenda akarudishiwa sehemu ya gharama hiyo. Tena gamba likibaki pangoni linaweza kumwonyesha adui alipojificha. Ninavyoona mimi, hata namna ya kujivua ina mchango wake. Nyoka hujisugua akateleza nje, gamba likabaki zimazima nyuma yake. Mjusi huyu anavua kwa kinywa, na kitu kikishafika kinywani hakina safari ndefu hadi tumboni.

Usichanganye jambo hili na kula mchanga. Anayelamba na kumeza mchanga mara kwa mara huenda amepungukiwa kalisi, yaani madini ya mifupa, na mchanga ule unaweza kumziba matumbo. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni gamba ambalo hakulila. Hewa ikiwa kavu mno, vipande hubaki vidoleni, vikakauka na kukaza kama uzi uliofungwa, damu isipite. Kidole hufa, kikakatika. Ndiyo maana ndani ya kizimba nimemwekea kijisanduku chenye kuvumwani (vimea laini vinavyoshika maji) iliyoloweshwa, na kila akimaliza kujivua namwinua taratibu nihesabu vidole. Nikikuta kipande kimeng'ang'ania, sikivuti. Namsimamisha kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kwenye nyayo tu, kama dakika kumi na tano, halafu nakisugua kwa pamba iliyolowa mpaka kiachie chenyewe.