Mzigo umejaa bandani, mbona benki inakunyima mkopo?

Nipo dawati la mikopo hapa Moshi, na wafanyabiashara wa masoko ya Memorial na Mbuyuni swali lao huwa ni moja, biashara yangu mnaiona, wateja wapo, sasa mnaninyima kwa nini?

Ukweli ni kwamba mzigo tunauona, hela ndo hatuioni inapopita. Kuna dada wa mitumba alikuja anataka milioni 5, nikamwambia nionyeshe mauzo, akatoa daftari limekunjwa kama sambusa, ndani kuna wanaodaiwa tu, "mama wa saluni koti 2, bado elfu 10". Mauzo ya keshi hajaandika hata siku moja. Kwenye simu sasa, laini moja imebeba hela ya marobota, ada ya mtoto, michango ya harusi, humo humo, faida ni ipi hapo? Nikishindwa kuiona nahesabu haipo.

Halafu dhamana. Kilimanjaro hapa mtu anakuletea kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, babu kazikwa pale mgombani, hati hamna, siku ukishindwa kulipa nani atathubutu kukinunua? Ukoo mzima utasimama getini. Na ukiweka nyumba mnayoishi na mwenzi wako, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake, usije na hati umeichomoa kabatini kimyakimya, hayo tumeshayaona sana.

Vile vimkopo vya kwenye simu navyo msivichukulie poa, elfu 20 ukiiacha bila kulipa inaweza kuingia kwenye taarifa zako za mikopo, tukifungua tunaikuta.

Ila na sisi mabenki tuna ya kwetu jamani. Unamzungusha mtu wiki tatu kwa milioni 1, Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, wananunua, wanaondoka, mkopo bado unasubiri saini. Ndo mtu anakimbilia kausha damu, asilimia 20 kwa mwezi, yaani laki 2 kila mwezi riba tupu kwenye hiyo milioni, wakati ukomo wa Benki Kuu (BoT) kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana ni asilimia 3.5 kwa mwezi, sawa na elfu 35. Kabla hujasaini ulizia leseni. Kama mna kikundi, nendeni pia halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo isiyo na riba, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2.

Yule dada nilimwambia achukue lipa namba ya biashara peke yake, michango ya harusi ibaki kwenye laini ya zamani, na kila jioni aandike keshi kabla hajafunga banda. Miezi sita akarudi na karatasi zake, safari hii zinasomeka. Tukampa milioni 2 badala ya 5. Alinuna kweli, ila akasaini.