Kutoka na watoto mjini wakati wa joto kali: maswali ya wazazi na majibu

Kwa nini joto ninalolivumilia mimi limlemee mwanangu?

Ukilinganisha na uzito wake, mtoto ana ngozi kubwa kuliko wewe, kwa hiyo hewa ikiwa na joto kali hulipokea upesi. Akikimbia, kila kilo ya mwili wake huzalisha joto jingi kuliko yako, na jasho lake ni dogo. Isitoshe, kimo chake kimemweka karibu na lami: joto linalokufikia wewe magotini, yeye linampata usoni. Tena hasemi. Mchezo ukinoga, kiu huisahau mpaka alegee. Ndiyo maana saa, maji na kivuli lazima ahesabiwe na mtu mzima.

Tutoke saa ngapi?

Ukilikosea hili, kofia na chupa za maji hazitakufaa sana. Wakati mzuri ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Miale ya jua huwa mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kupima ni rahisi: msimamishe mtoto juani, utazame kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua limeshakuwa kali. Hamishieni mchezo chini ya mti.

Wengi huchanganya jua na joto. Jua huwa la utosi saa 6 mchana, lakini hewa hufikia kilele cha joto baadaye, mara nyingi kati ya saa 8 na saa 10. Halafu zege na lami huendelea kutoa joto lililojikusanya mchana kutwa, hata giza likishaingia. Matembezi ya jioni basi yawe penye nyasi na miti, si kwenye uwanja uliosakafiwa.

Angalia na unyevu wa hewa. Nyuzi 32 za Selsiasi zikiambatana na unyevu wa asilimia 70, mwili huhisi kama nyuzi 41 hivi. Kinachopoza mwili ni jasho kukauka, na kwenye unyevu jasho hutiririka tu bila kukauka.

Nibebe maji kiasi gani?

Mtoto wa kilo 20 anayecheza kwenye joto anywe mililita 80 hadi 100 kila baada ya dakika 20. Wa kilo 40, kama mililita 150. Kwa saa mbili, huyo mdogo atamaliza karibu mililita 600. Mbebee lita moja, ya ziada ni ya kumlowesha kichwa na shingo. Usimuulize kama ana kiu, maana atajibu "hapana" huku anakimbia. Msimamishe, mpe chupa mkononi, asubiriwe anywe.

Maji ya kawaida yanatosha. Soda na juisi tamu si mbadala wake. Mtoto mwenye homa au anayeharisha asitoke siku hiyo, na mwenye selimundu aangaliwe mara mbili zaidi, kwa sababu kupungukiwa maji kunaweza kumwamshia maumivu.

Aliye chini ya miezi 6 hapewi maji kabisa. Anyonye mara nyingi zaidi. Maji huzimua chumvi ya damu yake, na anaweza kupata degedege.

Nifunike kigari cha mtoto kwa kitambaa?

Hapana, hata kitambaa chepesi. Kinazuia jua lakini kinazuia na upepo, na hewa ya ndani hupanda joto upesi. Tumia mwavuli, mbele pabaki wazi. Kila baada ya dakika chache ingiza mkono, umguse nyuma ya shingo: pakiwa pamoto na pamelowa jasho, mtoe, mpunguze nguo.

Bembea na mtelezo je?

Weka mgongo wa kiganja chako juu ya chuma, plastiki au mpira, uhesabu hadi tano. Ukishindwa kuvumilia, mtoto asikae hapo. Ngozi yake ni nyembamba na huungua kwa sekunde chache. Vifungo vya mikanda ya gari vikaguliwe hivyo hivyo.

Na asiachwe ndani ya gari hata kwa dakika moja. Ndani ya dakika 10, joto la humo linaweza kupanda nyuzi 10, na kushusha vioo kidogo hakusaidii cha maana.

Losheni ya jua ni ya lazima?

Nguo na kivuli vinatangulia. Nyoosha nguo kwenye mwanga; ukiona upande wa pili, jua nalo linapita. Losheni iwe ya SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi, ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, irudiwe kila saa mbili na baada ya kuogelea. Kosa la kawaida ni kupaka kidogo mno na kusahau masikio na shingo. Ngozi nyeusi nayo huungua. Mtoto mwenye ualbino avae mikono mirefu na kofia pana pande zote, hata siku ya mawingu.

Nitajuaje kwamba joto limemzidi?

Dalili za mwanzo ni kununa, kuumwa kichwa, kichefuchefu, misuli kukaza na mkojo wa rangi nzito. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mloweshe, mpepee, mpe maji kidogo kidogo.

Akianza kuweweseka, kuyumba, kuzimia au kupata degedege, hicho ni kiharusi cha joto. Ita msaada wa dharura na umpoze hapo hapo: mzamishe kwenye maji baridi kichwa kikiwa juu, ukimshikilia, au mmwagie maji mwili mzima huku mnampepea. Barafu iwekwe shingoni, makwapani na kwenye kinena. Usimnyweshe kitu kama hajitambui. Parasetamo haifai hapa, kwa kuwa hii si homa ya maambukizi.

Dalili zilikuwa za mwanzo tu na sasa amechangamka. Arudi kucheza?

Siku hiyo asirudi. Mpeleke ndani penye ubaridi, aendelee kunywa, uangalie mkojo. Asipokojoa kwa saa 6, au akitapika kila anachokunywa, mpeleke hospitali usiku huo huo.