Kazi ya mtandaoni sio kwamba huna bosi

Hapa Tanga, toka Ngamiani mpaka Raskazoni, watu miaka yote wanaamini ukifanyia kazi nyumbani kwa laptopu basi bosi ni wewe mwenyewe. Sivyo jamani. Mikataba mingi ya kulipwa kwa saa ina programu ya kukuchunga, inahesabu unavyogusa kibodi na mausi na inapiga picha skrini yako, Upwork kwa mfano, ule mtandao wa kutafutia kazi hizi, ni kama kila dakika 10, sasa ukitulia unafikiria tu inaona hufanyi kitu, wakati kufikiria ndo kazi yenyewe! Halafu likizo. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za malipo kwa mwaka, we wa kujitegemea hazikuhusu, na ukiumwa hulipwi.