Paneli haziwaki saa nane usiku

Nimeambiwa tena wiki hii, safari hii kwenye zahanati moja upande wa Pangani. Umeme ulikatika usiku, mama yuko kwenye uchungu, taa za sola zikazima kabla ya alfajiri, muuguzi akamalizia kuzalisha kwa tochi ya simu. Nilipofika kamati ilikuwa imeshaamua: "Fundi, tuongezee paneli mbili."

Wazee wangu, saa nane usiku paneli ni kioo kilicholala juu ya bati, hata mkizipanga kumi. Kinachowavusha usiku ni kile kilichobaki kwenye betri jua lilipozama.

Zahanati ile ina betri ya volti 12, ampea-saa 100. Kwa karatasi, hizo ni wati-saa 1,200. Lakini ni betri ya madini ya risasi, na ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo shika 600. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo ina ulaji wake. Tuseme mnabaki na 500. Taa nne za LED za wati 9 zinakula wati 36: betri iliyojaa inakesha nazo. Chomeka mashine ya oksijeni ya wati 350, saa moja na nusu hamfiki.

Nami niliipima magharibi, mizigo yote, yaani kila kinachokula umeme, imezimwa, ikasoma volti 12.2. Nusu ilikuwa imeshakwenda kabla usiku haujaanza. Mchana kutwa ilikuwa inaendesha televisheni ya wagonjwa wanaosubiri, na simu saba kwenye ekstensheni.

Kuhusu betri za gari nisiseme mengi: bati zake za ndani nyembamba, zimeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, kukesha haziwezi. Friji ya chanjo isiyotumia betri ina paneli zake na barafu yake. Msiunganishe kitu kingine humo.

Paneli zina maana yake, sikatai. Masika huku kwetu wingu linaweza kukaa siku tatu, paneli ikatoa robo ya uwezo wake au chini ya hapo. Betri ya risasi isiyojaa siku baada ya siku huota salfeti kwenye bati zake, na uwezo unaopotea hivyo haurudi wote hata jua liwake mwezi mzima. Hapo paneli ya ziada inaokoa betri, na nimeshaifunga mwenyewe kwa sababu hiyo. Lakini kama kila kinachoingia mchana kinaliwa kabla ya adhana ya magharibi, mmeongeza saa za televisheni, usiku uko palepale.

Zamani nilikuwa napiga marufuku simu kabisa. Muuguzi mmoja akaniuliza, "Fundi, simu ikizima, 115 naipigaje?" Ndiyo namba ya m-mama, ya kuita usafiri wa dharura wa wajawazito. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa sahihi. Kuijaza simu moja ni wati-saa 15 hivi, na huenda zikawa wati-saa zenye thamani kuliko zote mle ndani. Tangu siku hiyo simu ya zamu naihesabu pamoja na taa ya chumba cha kujifungulia. Za majirani zikachajiwe kwingine.

Lithiamu je? Inavumilia kutumiwa asilimia 80 ya ujazo wake, na huishi miaka mingi zaidi. Bado nasita. Saketi yake ya ulinzi ikijifunga na kukata umeme usiku wa manane, kijijini hakuna wa kuifungua, wakati betri ya risasi nainunua Tanga mjini na kuipakia kwenye basi la mchana. Nimefunga zote mbili, na hakuna uamuzi hata mmoja ulioniacha na moyo mtulivu.

Pale Pangani fedha ya paneli mbili tumenunulia betri ya pili. Hiyo ni ya chumba cha kujifungulia peke yake: waya zake, swichi yake, inajazwa kwanza, na umeme wa TANESCO ukiwepo chaja ya ukutani inaisaidia. Kila magharibi muuguzi wa zamu anazima mizigo, anasubiri kidogo, anaandika volti kwenye daftari. Pembeni ya mita nimeandika 12.4 kwa wino mwekundu. Ikisoma chini ya hapo, kisichokuwa taa au simu ya zamu kinachomolewa, na mimi napigiwa kabla giza halijaingia.