Biafra ilivyopoteza bahari: makamanda na nyakati za maamuzi katika vita vya Nigeria, 1967–1970

Vinapotajwa vita vya Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitangaza nchi huru, wengi hukumbuka picha za watoto waliovimba matumbo kwa unyafuzi, na baadhi hukumbuka jina la Ojukwu. Ni wachache wanaojiuliza njaa ile ilifikaje katika eneo ambalo kabla ya vita lilikuwa na mashamba, bandari na visima vya mafuta. Kwa maoni yangu jibu liko pwani, na mtu akiifuatilia pwani hiyo ataona kwamba kuanguka kwa miji mikuu, jambo ambalo magazeti ya wakati huo yaliliandika kwa herufi kubwa, hakukuwa na uzito ule tunaoudhani.

Viongozi wawili waliokabiliana walikuwa vijana. Yakubu Gowon, mkuu wa serikali ya kijeshi ya Nigeria, alikuwa na umri wa miaka 32 vita vilipoanza, na Chukwuemeka Odumegwu Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Jimbo la Mashariki, alikuwa na miaka 33. Kati yao palikuwa na mapinduzi mawili ya mwaka 1966, mauaji ya maelfu ya Waigbo, kabila kubwa la mashariki, waliokuwa wakiishi kaskazini, na mapatano ya Aburi, nchini Ghana, ya Januari 1967, kuhusu mgawanyo wa madaraka, ambayo kila upande uliyafasiri kwa namna yake. Tarehe 27 Mei 1967 Gowon aliigawa nchi katika majimbo 12. Mashariki ilikatwa vipande vitatu, na kipande kilichobaki kwa Waigbo walio wengi hakikugusa bahari popote. Siku tatu baadaye Ojukwu alitangaza Jamhuri ya Biafra kwa mipaka ya zamani, pwani ikiwemo. Kwa hiyo hata kabla ya risasi ya kwanza, iliyofyatuliwa tarehe 6 Julai, ramani yenyewe ilikuwa imekwisha kueleza vita vitaelekea wapi.

Serikali ya shirikisho, yaani ya Nigeria, ilikuwa na jeshi la majini, Biafra haikuwa na la kulinganisha nalo. Mwishoni mwa Julai 1967, wakati macho ya wengi yalikuwa kwenye mapigano ya Nsukka, kaskazini mwa Biafra, askari wa shirikisho walishuka kwenye kisiwa cha Bonny, kilipo kituo cha kupakilia mafuta mdomoni mwa njia ya meli ya kuelekea Port Harcourt. Tangu siku hiyo bandari ya Port Harcourt ilikuwa ya Biafra, lakini mlango wake ulishikwa na mwingine.

Biafra ilijibu kwa hatua ya kijasiri kuliko zote ilizowahi kuchukua. Tarehe 9 Agosti kikosi chake kilivuka daraja la mto Niger, kikaingia Jimbo la Magharibi ya Kati na kuuteka mji wa Benin siku hiyohiyo, karibu bila upinzani. Kamanda wake, Victor Banjo, alikuwa Myoruba, na inaelekea Ojukwu alitumaini kwamba hilo lingewavuta Wayoruba wa magharibi. Mbele yao palikuwa na barabara ya kuelekea Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati huo, na serikali ya shirikisho haikuwa na askari wa kutosha wa kuilinda. Banjo, hata hivyo, alikaa Benin kwa siku kadhaa, akahutubia redioni, na alipofika Ore, mji ulioko kwenye barabara hiyo, Lagos ilikuwa imeshapata muda wa kukusanya nguvu. Hakusonga tena. Wapo wanaoamini alikuwa na mipango yake ya kisiasa, na wapo wanaosema askari wake walikuwa wachache na wasio na mafunzo ya kutosha kwa safari ndefu kama ile. Binafsi naona sababu hizo mbili hazipingani. Benin ilirudi mikononi mwa shirikisho tarehe 20 Septemba, na siku mbili baadaye Banjo alipigwa risasi huko Enugu, mji mkuu wa Biafra, pamoja na wenzake watatu, kwa kosa la uhaini. Hapo ndipo Biafra ilipopoteza nafasi yake ya pekee ya kushinda.

Enugu yenyewe ilianguka tarehe 4 Oktoba, na wengi huko Lagos walidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha, kwani serikali ya Ojukwu ilihamia Umuahia na kuendelea. Wakati huohuo Murtala Muhammed, kamanda wa Divisheni ya Pili ya shirikisho, ambayo askari wake waliwaua raia wengi mjini Asaba, alijaribu kuvuka Niger kwa mashua ili aingie Onitsha, akarudishwa kwa hasara kubwa. Mji huo aliupata Machi 1968 baada ya kuzunguka kwa njia ya nchi kavu, lakini tarehe 31 mwezi huo msafara wa karibu magari 100 ya divisheni yake uliteketezwa katika shambulio la kuvizia huko Abagana.

Kusini mambo yalikwenda tofauti. Benjamin Adekunle, kamanda wa shirikisho aliyejulikana kwa jina la Nge Mweusi, alitwaa Calabar Oktoba 1967, kisha Port Harcourt tarehe 19 Mei 1968. Tanzania ilikuwa imeitambua Biafra tarehe 13 Aprili, wiki tano tu kabla ya hapo. Nchi iliyotambuliwa ikiwa na pwani ikawa kisiwa kilichozungukwa na nchi kavu, chenye mamilioni ya watu, wengi wao wakimbizi. Chakula, dawa na silaha vilibaki na njia moja, kipande cha barabara huko Uli kilichopanuliwa kuwa uwanja wa ndege, ambako ndege zilitua usiku.

Adekunle alizidiwa na mafanikio yake mwenyewe. Aliitwaa Owerri Septemba 1968, lakini askari wake walizingirwa humo, na mji ukarudi kwa Biafra Aprili 1969, katika siku zilezile ambapo Umuahia ilianguka. Mwezi uliofuata nafasi yake ilichukuliwa na Olusegun Obasanjo, mhandisi wa kijeshi aliyeanza kwa kupanga upya divisheni iliyochoka. Kufikia mwisho wa mwaka majeshi ya kaskazini na ya kusini yalikutana, Biafra ikakatwa vipande viwili.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Januari 1970 Ojukwu aliondoka kwa ndege kupitia Uli, akaelekea Ivory Coast. Philip Effiong, aliyeachiwa madaraka, alitangaza redioni tarehe 12 kwamba mapigano yasitishwe, na tarehe 15 alikwenda Lagos kuukabidhi rasmi kwa Gowon utii wa waliokuwa wakipigana.